Tulipiga Kura, Tukapigwa

Kila uchaguzi ukikaribia, gari lenye spika juu ya paa huingia mtaani kwetu Mwananyamala. Huja taratibu likiyumba kwenye mashimo, husimama karibu na genge la nyanya, kisha huanza: jitokezeni, kura yako ni haki yako, usikubali wenzako wakuchagulie kiongozi. Vijana wawili wenye fulana mpya hugawa vipeperushi. Jioni navikuta vipeperushi vile kwa muuza karanga, amevikunja pembe, anafungia karanga za mia mbili.

Sina ugomvi na vijana wale, wanatafuta riziki kama sisi. Ugomvi wangu ni na imani inayolipia mafuta ya lile gari. Nimeisikia redioni, nimeisikia kwenye semina za hotelini ambako posho hutoka baada ya chai ya saa nne, nimeisikia msikitini na kanisani, na kwa wasomi niliotegemea wajue zaidi. Inasema kwamba mtu wa Dar es Salaam hapigi kura kwa sababu haelewi maana ya kura. Ni mvivu. Ni wa vigodoro na Simba na Yanga; ukitaka apange foleni, mtangazie pilau. Dawa yake ni elimu ya mpiga kura, na dozi ikishindwa, iongezwe.

Mimi nasema mgonjwa amepimwa vibaya. Mtu wa Kinondoni na Temeke anaijua kura vizuri sana. Alishaitumia, akaona inafanya kazi, kisha akaiona inachukuliwa mchana kweupe, kwa njia ambayo sheria za nchi zinairuhusu kabisa. Akikaa nyumbani siku ya uchaguzi ana sababu zake, na nyingi nimezisikia kwa masikio yangu.

Nianze na jirani yangu, fundi cherehani. Mtaani anaitwa Fundi tu, hata watoto wake wakitafutwa huitwa wa Fundi. Mwishoni mwa Julai 2015, mashine za BVR zilipoletwa jijini kuandikisha wapiga kura, Fundi alifunga kibanda siku tatu. Siku ya kwanza alifika kituoni saa kumi na moja alfajiri akakuta foleni ya mawe. Ndiyo, mawe. Waliokuja usiku wa manane waliacha jiwe, tofali au ndala moja mahali pao, wakarudi kulala, na kijana mmoja akabaki na daftari la shule ameandika majina ili asitokee mjanja wa kusogeza jiwe la mwenzake. Siku ya pili foleni ilimfikisha mlangoni, mashine ikagoma kusoma vidole vyake. Vidole vya Fundi vimechakaa kwa sindano na pasi ya mkaa, havina mistari ya kusomwa. Akaambiwa aoshe, akaosha, ikagoma. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, ikamkubali. Alirudi na kadi akawa anaionyesha kila anayepita kana kwamba amepata viza ya Marekani. Huyo ndiye mvivu anayehubiriwa.

Tarehe 25 Oktoba mwaka huo alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kituoni. Jimbo la Kinondoni lilichukuliwa na Maulid Mtulia wa CUF, kwa kura elfu 70 na ushei, akimwangusha Iddi Azzan wa CCM aliyepata elfu 65 na ushei. Temeke nako CUF, kwa Abdallah Mtolea. Ukonga, Ubungo, Kibamba na Kawe zikaenda CHADEMA. Majimbo 6 kati ya 10 ya mkoa mzima yalibadilika au yalibaki upinzani kwa karatasi tu, bila jiwe kurushwa. Mwezi Desemba mabuldoza yakaingia bonde la Msimbazi, nyumba za Mkwajuni zikaangushwa, na mbunge mpya akaonekana upande wa wakazi mpaka mahakamani. Nalitaja hilo kwa haki yake, kwa sababu sitaki ionekane namsimanga mtu. Watu walimchagua mtu wa kuwasemea, akawasemea.

Desemba 2017 Mtulia alijiuzulu akahamia CCM. Siku zile kulikuwa na kauli moja iliyofaa kila aliyehama: naunga mkono juhudi. Juhudi zilikuwa za Rais John Magufuli, na kuziunga mkono kulianzia kwenye kurudisha kadi. CCM ikamsimamisha Mtulia yule yule kugombea jimbo lile lile aliloliacha wazi yeye mwenyewe, na CHADEMA ikamleta Salum Mwalimu. Uchaguzi ukapangwa Jumamosi, 17 Februari 2018.

Siku ile nilizunguka. Kituo cha karibu kiko kwenye shule ya msingi, hatua mia mbili kutoka kwa Fundi. Nilifika saa tano. Kamba za kupanga watu zilikuwa zimefungwa vizuri, ndani ya kamba hakuna mtu. Karani wa wino alikuwa amekiweka kichupa kivulini kisikauke. Wakala mmoja alikuwa anakunywa juisi ya miwa, mwingine anachaji simu kwenye soketi ya darasa. Askari alinitazama kwa matumaini, akidhani nimekuja kumwondolea upweke. Nikarudi, nikamkuta Fundi amekanyaga cherehani, anashona sketi za shule.

"Fundi, huendi?"

"Mwandishi, mimi nilishapiga. Nilipiga 2015." Akakata uzi kwa meno. "Kura yangu anayo yeye. Si amehama nayo? Akaipige."

Katika miaka yote niliyoandika habari za siasa sijasikia ufafanuzi mfupi wa sheria yetu ya uchaguzi unaoushinda huo.

Mtulia alishinda, kura elfu 30 na ushei dhidi ya elfu 12 na ushei za Mwalimu. Waliopiga kura hawakufika robo ya walioandikishwa. Hapo ndipo wahubiri wa elimu ya mpiga kura walipopata ushahidi wao, na hapo ndipo nawaomba wasome namba kwa utulivu. Mgombea wa CCM wa 2015, aliyeshindwa, alipata zaidi ya mara mbili ya kura za mgombea wa CCM wa 2018, aliyeshinda. Kwa maneno mengine, waliobaki nyumbani hawakuwa wapinzani walionuna peke yao. Zaidi ya nusu ya kura za CCM yenyewe hazikutoka. Mama wa Magomeni ambaye mwaka 2015 alivaa kijani na njano akapambana mlango kwa mlango kumzuia Mtulia, sasa alitakiwa avae nguo ile ile amsindikize Mtulia huyo huyo. Naye alifanya hesabu. Kama ujinga ndio uliomzuia, ujinga huo ulimpata kwa miaka miwili na miezi minne tu.

Kuna jambo lingine kuhusu uchaguzi ule ambalo haliwezi kurukwa. Siku moja kabla ya kura, wafuasi wa CHADEMA waliandamana kudai nyaraka za mawakala wao, polisi wakawatawanya, na risasi ikampata Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, akiwa ndani ya daladala pale Mkwajuni. Hakuwa kwenye maandamano. Alikuwa abiria. Mzazi wa Hananasif aliyemkataza bintiye kutoka Jumamosi ile angeeleweshwa nini na kipeperushi?

Temeke hali ilikuwa mbaya zaidi, ila watu huisahau kwa kuwa haikuwa na kelele. Mtolea alijiuzulu ubunge Novemba 2018, naye akahamia CCM. Ukatangazwa uchaguzi mdogo. Desemba, kabla ya kampeni, akatangazwa kapita bila kupingwa. Fikiria jimbo lenye Tandika, Keko, Chang'ombe na Azimio, watu wamejaa mpaka vyumba vya uani, na mbunge akabadili chama bila karatasi hata moja kutumbukizwa kwenye sanduku. Watu wa Kinondoni angalau walipewa nafasi ya kususa. Wa Temeke hata hiyo hawakupata. Ukonga, Mwita Waitara alikuwa ameshatangulia: alitoka CHADEMA Julai 2018, akarudi bungeni kwa tiketi ya CCM Septemba. Mwaka 2020 CCM ikawasimamisha watu wengine Kinondoni na Temeke, Waitara akaenda kugombea Tarime Vijijini. Wenye kiti walikuja na kuondoka kwa mipango ya vikao, na mwenye jimbo akawa mtazamaji.

Sasa niambieni, kati ya matukio yale matatu, lipi lilitokana na mpiga kura kukosa elimu?

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana wanaosema Dar es Salaam imezaliwa mvivu wana kumbukumbu fupi. Tarehe 29 Oktoba 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu vilipofutwa, vifaa vilichelewa au havikufika kabisa katika vituo vingi vya jiji. Watu walikaa juani kutwa. Tume ya Jaji Lewis Makame ikafuta uchaguzi katika majimbo yote 7 ya Dar es Salaam ya wakati ule na kuurudia 19 Novemba. Mwaka uliofuata, Oktoba 1996, Temeke ikafanya uchaguzi mdogo, ikampeleka bungeni Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi dhidi ya mgombea wa chama tawala. Wazee wa Tandika wanausimulia uchaguzi ule kama watu wanavyosimulia fainali. Hata nyuma zaidi, enzi ya TANU peke yake, mpiga kura alipewa wagombea wawili, mmoja wa jembe na mwingine wa nyumba, na mwaka 1965 alitumia jembe na nyumba hizo kuwaangusha mawaziri. Ajabu iliyoje: chini ya chama kimoja mtu aliweza kumwangusha waziri, na chini ya vyama vingi aliishia kumwangalia mbunge wake akipita bila kupingwa.

Takwimu za nchi nzima nazo hazikubaliani na mahubiri. Mwaka 2010 walijitokeza asilimia 43 hivi ya walioandikishwa. Mwaka 2015 ikapanda hadi 67. Mwaka 2020, wabunge 28 wakiwa wamepita bila kupingwa na wagombea wengi wa upinzani wakiwa wameenguliwa kwa makosa ya fomu, ikashuka hadi karibu 51. Elimu haipandi na kushuka namna hiyo. Mtu akishajua kusoma hasahau baada ya miaka mitano. Kinachopanda na kushuka ni matumaini kwamba kura itahesabika, na mwaka 2015 yalikuwepo.

Jirani zetu Kenya wametupa ushahidi ulio wazi zaidi. Agosti 2017 walijitokeza karibu asilimia 79. Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikafuta matokeo ya urais 1 Septemba, uchaguzi ukarudiwa 26 Oktoba, Raila Odinga akajitoa, na waliojitokeza wakawa asilimia 39 hivi. Ni Wakenya wale wale, kadi zile zile, wiki kumi na moja tu zimepita. Sijasikia mtu Nairobi akisema Kisumu nzima ilipoteza elimu ya uraia kati ya Agosti na Oktoba.

Nilipoyasema haya kwenye kijiwe cha kahawa Tandika, mwalimu mmoja mstaafu alinijibu, na jibu lake lina uzito kuliko la wenye spika. Nilimwamkia, akanipisha kwenye benchi, akasema: "Mwanangu, unalia na waliohama, lakini sheria imewabana. Ukiacha chama, unaacha kiti. Hiyo ndiyo nidhamu. Ukimruhusu kila mtu agombee kivyake, matajiri watanunua majimbo, na wengine watakuja kwa kabila na dini. Chama ndicho ngao."

Ndiyo hoja iliyotawala nchi hii kwa zaidi ya miaka thelathini, na nitaijibu kwa heshima ile ile niliyomjibu mzee, bila kuipunguza.

Katiba inasema mgombea lazima awe mwanachama na adhaminiwe na chama, na Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, amepoteza ubunge. Walioitunga walitaka kuzuia mbunge asiuze kiti chake. Lakini tazama ilivyofanya kazi Kinondoni. Ilimlazimisha Mtulia ajiuzulu, kisha ikamruhusu agombee tena wiki chache baadaye kwa chama kingine. Adhabu ilikuwa likizo fupi tu. Gharama ya likizo ile, masanduku, wino, posho za makarani na magari ya polisi, ikabebwa na mlipa kodi, akiwemo Fundi. India waliweka sheria ya namna hiyo mwaka 1985, na mwaka 2019 huko Karnataka wabunge wa jimbo walioenguliwa kwa kuhama walirudi kugombea viti vile vile kwa chama cha BJP. Katika viti 15 vilivyopigiwa kura Desemba, BJP ilichukua 12. Sheria inayomkomoa mhamaji kwa kumrudisha kugombea imeshindwa Bengaluru kama ilivyoshindwa Magomeni.

Na ngao yenyewe huinuliwa anapotaka mwenye kuishika. Julai 2017, upande wa Profesa Lipumba katika mgogoro wa uongozi ndani ya CUF uliwafukuza uanachama wabunge 8 wa viti maalumu, na Spika hakukawia, viti vikawa wazi. Novemba 2020, CHADEMA iliwafukuza wanawake 19 walioapa kuwa wabunge wa viti maalumu, Halima Mdee, mbunge wa zamani wa Kawe, akiwa mmoja wao. Hao walikwenda mahakamani na wakaendelea kukaa bungeni hadi Bunge lile likamaliza muda wake mwaka 2025. Ibara ni ile ile. Nidhamu gani hii ambayo inamkata huyu kwa siku na huyu haimgusi kwa miaka mitano?

Mzee wangu akasema pia kwamba watu huchagua chama. Basi kama ni chama, CUF iliporwa kiti Kinondoni na Temeke, maana waliochagua chama walimpoteza mbunge na chama kwa pamoja. Na kama watu huchagua mtu, kwa nini mtu huyo alazimishwe kuomba ruhusa ya kikao cha chama ndipo asimame mbele ya majirani zake? Sheria yetu imechukua majibu yote mawili na kumnyima mpiga kura faida ya kila moja.

Mchungaji Christopher Mtikila aliliona hili mapema. Mwaka 1994 Mahakama Kuu Dodoma, Jaji Lugakingira, ilikubaliana naye kwamba raia ana haki ya kugombea bila chama. Serikali ikapeleka bungeni mabadiliko ya Katiba ili hukumu ile isifanye kazi. Mwalimu Nyerere, ambaye hakuwa mpenzi wa Mtikila hata kidogo, alikemea hadharani tabia ya kuibadili Katiba kuondoa haki ambayo mahakama imeithibitisha. Mtikila akarudi Mahakama Kuu, akashinda tena 2006. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge kuamua. Akaenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na 14 Juni 2013 mahakama ile ikasema Tanzania imevunja haki yake. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba mwaka huo huo ikamruhusu mgombea huru. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya Fundi kupiga kura yake, bila kuona hata mstari mmoja wa sheria ukibadilika.

Kuhusu matajiri kununua majimbo, namuuliza mzee: ndani ya vyama hawanunui? Mwaka 2020 kura za maoni ndani ya vyama zilipigwa na wajumbe mia kadhaa. Ni rahisi kununua wajumbe mia nne ukumbini au wapiga kura laki mbili na nusu mtaani? Na kabila na dini, je? Kenya huchagua wabunge huru, baada ya 2022 walikuwa zaidi ya 10 kwenye Bunge la Taifa. Uganda baada ya 2021 walizidi 70. Siwasifii hao kwa kila kitu. Kenya wabunge wanahamahama kambi kila rais anapopatikana, na Uganda wabunge huru wengi ni watu wa chama tawala walioanguka kura za maoni. Lakini hakuna nchi kati ya hizo iliyogawanyika kwa sababu ya mtu aliyegombea bila kadi. Mbunge wa Kinondoni aliyechukizwa na chama chake angeweza kurudi kwa wenye jimbo, akasema nimetoka, nimesimama peke yangu, nihukumuni. Sheria yetu ilimpa mlango mmoja tu, na mlango ule ulielekea kwenye chama kingine.

Wapo pia wanaosema tuwalazimishe watu kupiga kura kama Australia, ambako imekuwa lazima tangu 1924. Sawa, tuige yote basi. Huko ukipiga kura matokeo hayalindwi na ibara inayosema mahakama isiyaguse. Kwetu Ibara ya 41 inasema rais akishatangazwa hakuna mahakama ya kuchunguza, na mahakama ya Arusha ilishasema mwaka 2020 kwamba hilo nalo ni kosa. Huwezi kumtoza mtu faini kwa kutokwenda mahali ambako hana uhakika wa kupokelewa.

Nikubali kitu kimoja. Wapo wanaoshindwa kupiga kura kwa sababu ndogo tu, na sababu hizo hazina siasa. Mpangaji wa Dar es Salaam huhama kila kodi inapopanda. Aliandikishwa Sinza, akahamia Tandale, mwaka uliofuata yuko Chanika, na kadi inasema Sinza. Kuboresha Daftari la wapiga kura jijini Machi 2025 kulifanyika kwa wiki moja, katika mkoa ambao sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Mlinzi wa usiku, mpishi wa mama lishe na kondakta hawana wiki ya kupanga foleni, na Fundi wa leo hafungi tena kibanda siku tatu. Hapo nipo pamoja na wenye spika, kama spika hiyo itatangaza kwamba uandikishaji utakuwa wa mwaka mzima ofisi ya mtaa. Lakini hilo nalo ni suala la ratiba na sheria. Halimo kichwani mwa mpangaji.

Sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024 imeondoa kupita bila kupingwa. Mgombea akibaki peke yake lazima apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Nimeipokea, na naikumbuka Temeke ninapoisoma. Ila kadi ya chama imebaki pale pale. Na baada ya sheria hiyo ukaja uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba 2025, siku ambayo intaneti ilizimwa, watu wakafa mitaani, na Dar es Salaam ikaamriwa isitoke nje kuanzia saa 12 jioni. Tume ilitangaza kwamba waliojitokeza nchini ni asilimia 87. Wanaotuita wavivu nawaachia takwimu hiyo waieleze wenyewe: uvivu uliodumu miaka mingi ulipona vipi kwa siku moja kama ile?

Kadi ya Fundi bado ipo. Anaiweka ndani ya kopo la vifungo, pamoja na chaki ya kuchorea na sindano za akiba. Iliwahi kumtolea dhamana kaka yake polisi, na iliwahi kumsaidia kukopa vikoba. Kwa kazi hizo anaitunza.

Kwa hiyo ndugu zangu wenye magari, mkirudi Mwananyamala msimame pale pale kwenye genge, mama wa nyanya hana neno. Lakini safari hii acheni fulana ofisini, mje na hukumu ya Mtikila ya 14 Juni 2013. Msomeeni Fundi kwa spika, kurasa zote, halafu mumwambie ni lini itatekelezwa.